Damu Isiyo na Malaria

Kozi ya malaria ya waganga wa zahanati ilifanyika Iringa, na daktari aliyeifundisha alisifiwa mpaka akawa anatembea kifua mbele. Baadaye alitakiwa azunguke kuwapima wanafunzi wake kazini. Mimi, nesi wa Mbeya, nikapangiwa kufuatana naye na sanduku la vioo vya kupimia damu.

Tulianza na zahanati moja ya milimani, juu ya Mbalizi, ambako kwa baridi ile hata mbu angetaka blanketi. Mganga alitupokea vizuri, koti lake jeupe limepigwa pasi. Daktari alinichoma kidole faraghani, akapaka damu yangu kwenye kioo, akatia rangi, akampelekea mganga bila kumwambia ni ya nani.

Mganga aliinamia hadubini, akatikisa kichwa kwa huruma. "Malaria, Bwana Daktari. Tena nyingi."

Nilishtuka. Nilikuwa buheri wa afya, lakini, Mungu anisamehe, nilijigusa paji la uso. Daktari akatoa damu yake mwenyewe. "Malaria," akasema mganga, "na huyu asicheleweshwe." Kicheko kilinipanda, kikakatika, maana nyuma ya pazia mtoto alikuwa analia.

Alikuwa mvulana mdogo, amelazwa, anachomwa sindano za malaria. "Nesi," mama yake aliniambia, "shingo yake imekuwa ngumu toka jana. Nikimwinua analia." Nilipitisha mkono chini ya kisogo nikanyanyua. Kichwa kilikuja pamoja na mabega, kikavu kama ubao. Homa ya uti wa mgongo! Nikamwita daktari kwa kelele.

Akaja, akamshika mtoto, akakimbilia hadubini kuangalia kioo chenye damu ya mtoto. Damu ilikuwa safi.

"Umeona wapi malaria hapa?" alifoka. "Hakuna kitu!"

Mganga alijibu kwa adabu. "Samahani, Bwana Daktari. Damu isiyo na malaria ikoje? Kule Iringa vioo vyote ulivyotuonyesha vilikuwa na malaria. Mimi nilijua haya madoa ya rangi ndiyo yenyewe."

Daktari alikitoa kioo kwenye hadubini, akakifuta polepole. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Mimi nilikuwa nimepandwa na hasira za kumrukia yule mganga, na ghafla sikujua nizipeleke wapi.

Tuliwapakia mama na mtoto kwenye Landrova tukateremka mbio hadi hospitali ya Mbeya. Mtoto alichomwa penisilini, homa ikashuka, akaanza kula. Daktari alipita kitandani kwake kila asubuhi, na kifua mbele sikukiona tena.

Siku ya kuruhusiwa, mtoto alikuwa amekaa sakafuni anachezea kopo, ameupa mlango mgongo. Mama yake akamwita kutoka mlangoni. Akamwita tena, kwa nguvu zake zote. Wadi nzima iligeuka, na daktari pia, isipokuwa mtoto mwenyewe.