Matawi ya Kona ya Gando

Nakumbuka jioni moja ya msimu uliopita, Babu bado yuko nasi, tumekaa kibarazani tunachambua karafuu, makonyo, vile vijiti vyake, huku, karafuu kule. Mchana ilipita gari ya baraza la mji na kipaza sauti: mabango ya shughuli zilizokwisha yashushwe na wenyewe, hasa yaliyoziba alama za barabarani. Na moja lilikuwa langu.

Nililiandika kwa mkono kwenye kitambaa, la maulidi ya madrasa yetu. Maulidi yameshasomwa, pilau limeshaliwa, na kitambaa kimelegea hadi kikafunika kibao cha kuwaonya madereva kwamba watoto wanavuka. Nilikuwa najua. Lakini mimi darasani hata kujibu swali naona haya, na lile bango watu walikuwa wakilisoma kwa sauti. Nikamwambia Babu, acha waje walishushe wao.

Babu hakunigombeza. Aliusogeza ungo pembeni, akaanza.

"Mwanangu, mimi nimepata kuwa utingo wa gari ya karafuu. Ujana ule, nikining'inia nyuma najiona gari ni yangu. Siku moja tairi likatupasukia kwenye kona ya Gando, mzigo umejaa. Kazi ya utingo ni kukata matawi mabichi, ayalaze njiani mbele na nyuma, ajaye ajue kuna jambo. Nikakata, nikalaza. Tulipokwisha kufunga tairi nikarukia gari, njaa inaniuma, tukaondoka.

"Hatujafika mbali, dereva wangu Mzee Faki, Mungu amrehemu, akaniuliza kama nimeyatoa matawi. Nikamwambia yatakauka yenyewe. Akazima gari palepale. 'Rudi, yakhe,' akasema. 'Matawi yako yashakuwa uongo.'

"Nikarudi kwa miguu, nanung'unika njia nzima. Kufika, namkuta mwanamme na baskeli, mkewe kakaa nyuma kampakata mtoto, homa inamchemsha. Wanakwenda hospitali Wete. Wamesimama mbele ya matawi yangu wanaiogopa kona, wanadhani gari imepinduka huko. Yule bwana ashaanza kugeuza baskeli azungukie njia ya mbali. Akaniuliza, 'Kuna nini mbele, kijana?' Hakukuwa na kitu. Nikainama kuokota tawi moja moja, na yule mama ananitazama tu."

Nikamuuliza Babu kama mtoto alipona. Akachukua karafuu moja, akaisugua kwa kidole.

"Walipita. Zaidi ya hapo sijui, na sijaacha kujiuliza. Wazee wanasema njia ya mwongo fupi. Mie niliipima kwa miguu yangu, na ilikuwa na jua. Basi sikia, mwanangu. Jambo likisha, ondoa ishara yake. Aliyesimamishwa bure na tawi lako leo, kesho akilikuta la kweli atalikanyaga, na huko konani kuna mtu. Na ishara ya mwenzio usiizibe kwa yako, hata kama yako nzuri zaidi." Akanitazama. "Na yako nzuri. Naisoma kila nikienda msikitini. Mwenyezi Mungu auzidishie baraka mkono wako, akufungue na ulimi, na kila utakaloliandika watu waliamini."

Nikaitikia amin, kwa sauti ndogo.

Asubuhi kabla ya skuli Babu alinishikia ngazi. Nilipofungua kamba ya mwisho kibao kikatokea, watoto wawili wameshikana mikono, na gari iliyokuwa inakuja ikapunguza mwendo. Babu akaniambia nishuke taratibu, nisije nikamwangukia.

Kitambaa hakukitupa. Alikitumia kuanikia karafuu msimu mzima, maandishi yangu chini, karafuu juu. Sasa kimo sandukuni kwangu. Nikikikunjua, bado kinanukia.