Darubini Fupi ya Binti Yangu

Binti yangu alihesabu nyota sita za Kilimia, akashikilia ati kuna nyingine zimejificha. Nikaamua atazitafuta. Tukatembea kutoka Ndalu hadi Kitale, kwa Mhindi mmoja mwenye duka, jina lake nalikumbuka lakini siliandiki, aliyekuwa akiuza darubini mbili kuukuu.

Ile ndefu iling'aa shaba tupu. Nikaigonga kwa jiwe dogo, maana kwetu jembe hugongwa kwanza usikie mlio wake.

Mwenye duka akaninyang'anya. "Mama, hii si jembe."

"Basi, baba, tuijaribu. Mimi sinunui kitu kwa kung'aa."

Tukatoka barazani, binti akazielekeza kwenye kilima cha ng'ambo. Kwa ile ndefu aliona ukungu tu. Kwa ile fupi, iliyokwaruzwa lakini yenye kioo kipana, aliniita.

"Mama, kuna mwanamke anaanika wimbi. Naona hata ungo wake."

"Tunachukua hiyo," nikasema.

"Lakini imechakaa," mwenye duka akanisihi. "Watu watakucheka."

"Si wacheke. Anayetazama ni huyu mtoto, hatazamwi."

Nikaifunga mgongoni kwa leso kama mtoto mchanga, tukashika njia ya nyumbani.