Zabibu za Pilau

Mvinyo haukuwahi kuingia nyumbani kwetu Mahurunga kabla sijauingiza mimi. Uraka tuliujua, maana nchi yetu ni ya mikorosho, na mabibo yakiiva hata upepo unanuka ulevi. Mjomba, kaka yake mama, aliswali Ijumaa mwaka mzima isipokuwa msimu wa mabibo, na msimu ukiisha alirudi safu ya mbele kama mtu aliyetoka safari. Lakini hata yeye alikunywa huko huko kwa wapishi wa uraka. Uani kwa dada yake hakukanyaga na kibuyu.

Kaka yangu aliondoka katikati ya miaka ya tisini. Vita vya ng'ambo vilikuwa vimenyamaza, na mtu aliweza kuvuka Ruvuma kwa mtumbwi asubuhi na jioni akawa mbali ndani ya Msumbiji. Baba alikuwa amekwisha kufa. Mpunga wetu wa bondeni mwaka ule uliliwa na viboko, na mikorosho ilikuwa na ugonjwa wa ukungu, maua yanakauka kabla ya kufunga. Kaka akatazama huku, akatazama kule, akaenda. Ukapita muda mrefu bila neno. Kisha dereva mmoja wa lori akaacha salamu Mtwara mjini, zikapokezanwa mpaka zikatufikia: yuko Sauzi, chini ya milima, anachuma zabibu.

Kwetu zabibu ni zile kavu, nyeusi, zilizosinyaa, zinazouzwa sokoni Chikongola kwenye vimfuko vidogo. Zinatiwa kwenye pilau ya Idd na ya hitima, basi. Mama hakuwahi kuona zabibu mbichi. Aliposikia mwanawe anachuma zabibu alimwona ameinama juu ya mikeka, anazigeuza juani kama sisi tunavyogeuza makopa ya muhogo. Ilikuwa kazi safi. Ilikuwa karibu kazi ya dini.

"Mwanao hajambo huko?" wanawake walimuuliza kisimani.

"Hajambo. Anaanika zabibu. Hizi mnazokula Idd mnadhani zinaota sokoni?"

"Basi mwambie asitubanie, bibi we! Sikukuu hii tumeokota moja moja kama tunatafuta chawa!"

Walicheka, naye akacheka zaidi yao. Siku za Idd alinituma Chikongola kununua, na alipozitia chunguni alizishika kwanza kiganjani. Labda hizi kazigusa, alisema. Alisema hivyo kila mwaka.

Nilipomaliza kidato cha nne sikupata pa kuendelea, na miguu yangu haijawahi kutulia tangu hapo. Nilizunguka Mtwara mjini, nikabeba mizigo, nikalala Mtawanya kwa jamaa mpaka wakanichoka. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nami nikavuka mto. Safari ile sina hamu ya kuieleza. Itoshe kwamba nilifika, na kaka alinipokea langoni akiwa amevaa koti la mtu mnene kuliko yeye.

Milima ile ilikuwa ya mawe matupu huko juu, ya kijivu, na mizabibu ilipanda mpaka usawa wa kiuno chake, safu kwa safu. Kulikuwa na baridi ambayo mtu wa Ruvuma haijui hata ndotoni. Hapo ndipo nilipoona zabibu zilikuwa za nini. Kulikuwa na aina ya punje ndogo na ngozi ngumu, inayokausha ulimi. Kulikuwa na nyingine nono, laini. Na ya tatu, chache, ilitoka kwenye safu za juu kabisa ambako baridi huchelewesha kuiva, na tuliichuma vidole vikiwa vimekufa ganzi. Kila aina ilichacha kwenye tangi lake, ikalala kwenye mapipa ya mbao muda mrefu, na mwisho msimamizi wa ghala akazichanganya kidogo kidogo, anaonja, anatikisa kichwa, anaongeza ya juu mlimani, anaonja tena. Mvinyo uliotoka pale ulikuwa mwekundu wa kukolea, karibu na weusi, na watu walitoka mbali na magari yao kuja kuuonja. Waliusukutua mdomoni, kisha wakautema kwenye ndoo.

"Unawaona?" kaka aliniambia, tumesimama na mifagio yetu. "Wamelipa ili wateme. Sisi kwetu mtu akitema uraka anapigwa."

Yeye mwenyewe hakunywa. Wachumaji wengi walikunywa, wengine mpaka wakaharibika, kwa sababu pale ulevi ulikuwa karibu kuliko maji. Kaka aliweka mkeka wake nyuma ya kitanda na akaswali hapo. Na kwa kuwa hanywi, ndiyo maana walimpa kazi ya matangi. Mvinyo ukishatolewa, chini hubaki makapi ya ngozi na mbegu, na lazima mtu aingie ndani ayatoe kwa koleo. Hawakutaka kumwingiza mlevi.

Usiku mmoja, tumejifunika blanketi zote, aliniambia, "Ukirudi kwa mama, sisi tunaanika."

"Tunaanika nini?"

"Zabibu. Tunaanika juani. Basi."

Nikamwambia sawa.

Zabibu zinapochacha hutoa hewa nzito ambayo haionekani, ya kumkata mtu pumzi. Inatulia chini ya tangi kama maji yanavyotulia kisimani. Kuna feni kubwa ya kuiondoa, na inatakiwa iachwe ifanye kazi kwanza. Katika msimu wangu wa pili, kaka aliingia tangini kama alivyoingia mara nyingi, na hewa ile ilikuwa bado imo. Feni haikuzunguka muda wa kutosha, au haikuwashwa. Kila mtu alilisema kwa namna yake mpaka tukamzika. Mimi nilikuwa juu mlimani na kikapu. Waliponiita na nikateremka, walikuwa wamemlaza kwenye sakafu ya ghala, miguu yake imelowa wekundu mpaka magotini.

Waislamu wa mji wa jirani walikuja wakamchukua, wakamwosha, wakamswalia. Nguo zake waligawana wenzake kwa ile baridi. Nilipoaga, msimamizi wa ghala alinipa chupa. Ulikuwa mvinyo wa mavuno ya nyuma, ambao kaka alichuma zabibu zake na akaosha mapipa yake. Kwenye karatasi ya chupa palichorwa ule mlima. Alisema mikono ya ndugu yako imo humu. Kwake ilikuwa heshima kubwa, na nilimwona machozi.

Njiani nilifikiri mara nyingi kuiacha. Kwenye vituo vya mabasi, kwenye nyumba za kulala wageni za Msumbiji, niliitoa, nikaitazama, nikairudisha ndani ya blanketi. Sikuwa na kitu kingine chake.

Nyumbani nilifika alasiri. Msiba nilikuwa nimeubeba mdomoni tangu mbali, na mama aliuona kabla sijafungua kinywa. Wanawake walipokwisha kulia, na uani kukawa kimya, aliniuliza jambo moja.

"Nani kamwosha?"

"Waislamu wa huko, mama."

"Walimswalia?"

"Walimswalia. Nilikuwapo."

Alivuta pumzi kwa mara ya kwanza tangu nifike. "Basi nitamsomea hitima," alisema. "Hitima ijae uani. Hakuzikwa na watu wake, wacha watu wake wamsomee." Hilo likawa ndilo jambo lake. Hakuzungumza lingine.

Kesho yake, kama akina mama wafanyavyo kwa mtu aliyetoka safari, alifungua begi langu afue nguo. Nilikuwa kisimani. Niliporudi na ndoo, alikuwa ameketi kwenye kigoda, chupa imelala mapajani mwake juu ya kanga, na mjomba amesimama mbele yake.

"Hii nini?" mama aliuliza.

Mjomba aliichukua akaitazama kwa mwanga. Aliwahi kuwa kuli wa bandari. "Divai hii. Wapishi wa meli walikuwa nayo. Divai ya watu wakubwa, si ya kila ntu."

"Imetoka wapi?"

"Alikokuwa kaka," nilisema.

"Kaka yako alikuwa anaanika zabibu." Alinitazama usoni. "Zabibu zinaanikwa. Si ndivyo?"

Aliyejibu ni mjomba, kwa upole ambao sikuutegemea. "Dada, zabibu ni kama mabibo yetu haya. Kuna ya kula, kuna ya kukamua."

Nikaeleza yote. Tangi, makapi, hewa, kwamba alichaguliwa kwa sababu hanywi. Mama alisikiliza mpaka mwisho, mkono wake ukipapasa ule mlima kwenye karatasi. Aliuliza wamemzika upande gani wa mlima. Nikamwonyesha chini, kushoto, nje ya mchoro.

Uani kwetu hakuna ukuta, na jioni kijiji kizima kilijua. Kisimani haikuwa tena Sauzi wala milima. Ilikuwa: kumbe kafia kwenye pombe. Baada ya swala ya Ijumaa nilisimama nje ya msikiti nikawaeleza watu kwamba hakunywa, na ndiyo maana alikuwa ndani ya lile tangi. Kijana mmoja akasema, "Sasa anayeitengeneza na anayeinywa wana tofauti gani?"

"Wewe nyamaza, wewe!" mjomba alimkata. "Msimu wa mabibo tulikaa kigogo kimoja kwenye uraka, au nilimfananisha ntu?"

Watu walicheka, na kijana akaondoka. Lakini kicheko hakikubadilisha kitu. Niliona walivyotawanyika bila kuniuliza siku ya hitima.

Mwalimu wa madrasa alikuja mwenyewe kwa mama. Alikaa kwenye mkeka, hakugusa chai.

"Mama, kumsomea nitamsomea. Hukumu si yetu. Lakini kile kitu kitoke nyumbani kwanza."

"Mwanangu hakunywa."

"Sikusema alikunywa."

"Wenzako wamesema."

"Wenzangu si mimi, mama."

Alipoondoka, mama aliitoa ile chupa. Kisha akaniambia, "Ifungue."

Hatukuwa na kitu cha kung'olea kizibo. Mjomba alikisukuma ndani kwa mpini wa mwiko mpaka kikatumbukia. Mama aliichukua chupa akainusa. Tangu azaliwe hakuwahi kuweka pua karibu na kitu kile kwa hiari yake.

"Hii ndiyo harufu aliyoivuta?"

"Ile ilikuwa nzito zaidi."

"Lakini ni hii."

"Ni hii, mama."

Alikwenda nyuma ya migomba akaimimina yeye mwenyewe. Aliimimina polepole, ameinama, kama mtu anayemmiminia mwingine maji ya kunawa. Mchanga ulikunywa, ukabaki na doa jeusi. Mjomba aligeukia upande wa pili. Nilipofikiri imekwisha, aliitikisa, na likatoka tone jingine, akalisubiri lidondoke. Kisha akaisugua chupa kwa majivu na makumbi, ndani na nje, kama tunavyosugua vyombo vyote vilivyoingiwa na uchafu, na ule mlima ukatoka vipande vipande chini ya kiganja chake. Nadhani hakuona mpaka alipoisuuza. Aliigeuza mara mbili tatu akitafuta. Akampa mjomba aitumie kwa mafuta ya taa.

Hitima ilisomwa baada ya adhuhuri. Mama alikuwa ameazima mikeka kwa majirani, na wale majirani walioitoa ndio ambao hawakuja kuikalia. Mwalimu alikuja na wanafunzi wake. Walikuja wazee wawili watatu, na mwanamke mmoja Mmakua ambaye mwanawe naye alipotelea ng'ambo. Walisoma vizuri, kwa sauti, bila haraka, na mwalimu alimtaja kaka kwa jina lake na la baba yake. Mikeka mingine ilikaa tu juani.

Kisha tukala. Sufuria ilikuwa ya watu wengi. Mjomba alichimba pilau kwa vidole, akatazama, akachimba tena upande wa pili wa sinia.

"Dada," alisema kwa sauti ya chini, "umesahau zabibu."

Mama alikuwa mlangoni na jagi la maji ya kunawa.

"Sikusahau," alisema. "Kuleni."