Cherehani Kumi na Tatu za Zelena

Doreen Hrynkiw hakuwa mtu wa kukaa. Hata akikaa, mguu wake wa kulia ulibaki kazini, ukigonga sakafu chini ya meza mpaka chai icheze kikombeni. Marehemu mumewe alizoea kumwambia, "Mguu wako huo una safari zake." Kwa miaka ishirini na sita safari hizo zilikuwa za kwenda na kurudi makumbusho, kwenye jengo la stesheni ya zamani ya reli ya mji mdogo wa Zelena, ambako yeye na wenzake wanane walijitolea bila malipo. Saba kati yao wameshazikwa. Aliyebaki ni Marvin Oleksyn, mzee wa pikapu na ubishi.

Ijumaa alikuja mkaguzi wa majengo, kijana mwenye viatu vipya. Aliruka kidogo katikati ya chumba, na sakafu ikaruka naye.

"Bibi, mzigo umezidi," akasema. "Hizi cherehani za chuma zitoke. Acha moja tu. Jumatatu saa tatu nitarudi, na nikizikuta, nafunga mlango. Sidhani kama utafunguliwa tena."

Cherehani zilikuwa kumi na tatu, na Doreen hakuwa na wa kumlaumu. Mtu wa Zelena akifiwa na mama, humaliza mazishi, hurudisha vyombo vya majirani, kisha huleta cherehani ya marehemu makumbusho. Utamwambiaje arudi nayo? Kesho mtakutana posta, na Jumapili mtakaa benchi moja kanisani. Basi kila mara Doreen alisema, "Asante sana, tulikuwa tunaihitaji," huku amesimama mlangoni mgeni asione zile nyingine nyuma yake.

Jumamosi alijikaza kuwa mkweli. Alikwenda kwa Lorna Pidskalny, mwanamke waliyesoma naye darasa moja, kumwomba achukue cherehani ya mama yake. Alikunywa vikombe vitatu vya chai, akasifu pai, akazungumza habari za mvua na ngano, na akarudi na katoni ya pasi za chuma za shangazi yake Lorna.

Marvin alicheka mpaka akashika ukuta. "Ulikwenda kupunguza mzigo!"

"Nyamaza, bwana. Wewe ungerudi na jiko."

Usingizi ulimpaa. Asubuhi alikuwa na jibu moja, nalo halikumpendeza. Jumapili hiyo ilikuwa ya karamu ya mavuno. Kuanzia saa kumi jioni mji mzima ungekuwa ukumbini, unakula bata mzinga na kabichi za kukunja zenye wali ndani, na Zelena hakuna anayeiba kitu barazani. Yeye na Marvin wangepita baraza kwa baraza, waiache kila cherehani kwa wenyewe, watoweke.

"Kama wezi," Marvin akasema.

"Wezi huchukua. Sisi tunapeleka. Beba."

Walibeba. Ilipobaki ile ya dirishani, yenye kadi kubwa iliyoandikwa kwa wino *Cherehani ya Anna Bodnar*, Marvin akaigonga kwa kidole. "Na hii?"

"Hiyo inabaki. Mkaguzi amesema moja."

"Na nani aliyechagua ibaki ya mama yako?"

"Funga kamba, Marvin."

Kumi na moja zilikwenda salama. Ya kumi na mbili ilikuwa ya Lorna. Walikuwa ndio kwanza wameitua barazani, Doreen anahema, mlango ukafunguliwa. Lorna alikuwa hakwenda karamuni. Goti lilikuwa limemvimba. Aliitazama cherehani, akamtazama Marvin aliyekuwa ghafla ana shughuli na kamba, kisha akamtazama Doreen.

"Mama yangu amekukosea nini?"

Doreen akamweleza yote, sakafu, mkaguzi, Jumatatu. Maneno yalimtoka mbiombio.

"Kwa hiyo zimetoka zote," Lorna akasema.

"Zote. Ila moja."

"Ipi?"

Mguu wa Doreen ukaanza kugonga mbao za baraza. Wote watatu waliusikia.

"Ya mama yako," Lorna akasema. "Nilijua tu. Doreen, mwaka ule ghala la nafaka lilipoungua na mji ukakosa pesa, hii ndiyo iliyoshona jezi za hoki za watoto wa mji mzima. Nyumba yetu ilijaa wanawake wiki tatu. Mama yako naye alikuja akapanga foleni, maana ya kwake ilikuwa haipiti kitambaa kizito. Ya kwake ilishona mapazia. Mapazia yenu."

"Na nguo zangu."

"Haya, na nguo zako."

Doreen alikasirika, na hasira ilimuuma zaidi kwa sababu yote yale yalikuwa kweli. Miaka yote hiyo kadi kubwa ilikuwa moja tu, na yeye ndiye aliyeiandika. Aliinama akashika upande mmoja wa cherehani.

"Marvin. Ipakie tena."

"Mgongo wangu nao ungefaa kuwekwa makumbusho," Marvin akanung'unika, lakini alibeba.

Ya kina Pidskalny wakaiweka dirishani. Doreen akaandika kadi mpya, kubwa kama ile, na jezi akazitaja. Ya Anna Bodnar ikapelekwa nyumbani kwa Doreen, ikaingizwa jikoni, na Marvin akakimbilia ukumbini kuona kama kabichi zimebaki.

Doreen naye alipaswa kwenda. Alivaa koti, akalivua. Akafuta vumbi lisilokuwepo. Akaizunguka ile cherehani mara mbili, kisha akavuta kiti. Miaka ishirini na sita alikuwa amewakemea watoto wa watu wasiguse kanyagio lile. Sasa mguu wa kulia ukapanda wenyewe juu yake, ukaanza kugonga kama kawaida yake. Mkanda wa ngozi ulikuwa mkavu, lakini ulishika, na gurudumu likazunguka kwa sauti aliyolala akiisikia alipokuwa mtoto.

Doreen alilia sana, lakini hakusimama.