Mafurungu ya Moa

Pongwe nzima walimjua Asheri kwa majivuno yake. Mimi simtetei, ila nasema yalikuwa majivuno ya mtu anayeiweza kazi yake. Vitani Burma alikuwa askari wa kutafuta mabomu yaliyofukiwa. Miaka ya hamsini, akiwa fundi wa shamba la mkonge, alipata mashine chakavu ya jeshi, sinia bapa kwenye mpini mrefu na visikilizio vya masikioni, akaifufua. Ikilia, chini pana chuma, shaba au fedha.

"Kila windo lina mtego wake," aliwaambia waliomwita. Ndoo ikizama kisimani, alishusha sumaku kwa kamba. Pete ikipotea ufukweni, alikwenda na chekeche, maana mchanga wenye maji ya chumvi huifanya mashine ipige kelele ovyo. Mashine ilikuwa ya nchi kavu.

Ndipo akaitwa Moa, kijiji cha pwani, na Mwanakhamis, mama wa ukoo uliotoka Pemba zamani. Vita vya Mdachi vilipofika Moa, mama yake alizika mafurungu yake, bangili za fedha za miguuni, nyuma ya nyumba, akafa kwa homa kabla hajamwonyesha mtu mahali. Sasa Kazija, binti wa Mwanakhamis, anaolewa Ijumaa, na upande wa bwana arusi walishaanza kunong'ona kwamba bibi arusi hana asili wala fasili; mafurungu ya bibi yake miguuni yangewanyamazisha.

"Shikamoo, mama. Usitie shaka, leo yatatoka."

"Marahaba, mwanangu. Sema inshallah. Waongea kana kwamba yamo mfukoni mwako!"

Mashine ikalia. Ikalia tena. Uwanja ulijaa risasi na vyuma vya vita, kila hatua mlio. Asheri akafanya hivi: alichimba palipolia, akakigusa kitu kwa sumaku. Kilichonasa ni chuma, na chuma kwake ni takataka. Alikitupa kwenye lundo, akafukia, akasonga mbele. Ikafika alasiri, lundo limefika magotini, fedha hakuna. Majirani wakacheka waziwazi, naye akazidi kuchimba.

Mwanakhamis alikuwa anamletea maji akasimama ghafla mbele ya lundo. Akaokota jembe bila mpini, limeliwa na kutu.

"Hili umelitoa wapi?"

"Takataka za vita hizo, mama."

"Za vita! Kwani Mdachi alikuja kupigana au kulima? Marehemu mama hakuzika kitu bila kukiwekea chuma juu, majini wasikisogelee. Hata vitovu vyetu alivizika hivyo."

Asheri shimo alilikumbuka, karibu na mpera. Baada ya kulitoa jembe hakuipitisha mashine tena. Akarudi, akafukua udongo alioufukia mwenyewe, akashusha sinia. Ikalia. Akachimba kwa mikono mpaka chungu kikatokea, na ndani yake mafurungu. Akayagusa kwa sumaku, hayakunasa. Mwanakhamis akayakumbatia, akalia bila kujificha.

Ijumaa, Asheri, Mkristo wa Kibondei, alikalishwa kwenye mkeka wa wazee wa bibi arusi. Watu wakamsifu, naye, Mungu amsamehe, akaona raha.

"Mashine ilisikia," akasema kwa sauti, ili upande wa pili wamsikie vizuri. "Aliyejua ni Bi Mwanakhamis. Ukoo unaokumbuka hata namna ulivyozika vitu vyake, msiuulize asili."

Kule ndani Kazija akapiga hatua, mafurungu yakalia. Asheri akainamisha kichwa kusikiliza, safari hii bila visikilizio, na wale wanong'onaji wa upande wa bwana arusi wakatazama mkeka wao kwa aibu.