Leso ya Kukamulia

Dada yangu mkubwa alikuwa na leso moja ambayo haikuwahi kuona sabuni. Aliitundika kwenye msumari mlangoni mwa banda la kondoo, nyuma ya nyumba yake kule Umoja, na alijifunga wakati wa kukamua tu. Ilikuwa ya rangi ya majivu, ngumu kama gunia, inanuka manyoya na maziwa yaliyochacha.

“Hiyo kitu inanuka mpaka barabara ya Outer Ring,” nilimwambia siku niliporudi kutoka Busia, au labda ilikuwa Kitale. Nimerudi kwake mara nyingi.

“Na wewe unanuka stendi zote za Kenya. Oga kwanza, ndio uongee na kondoo wangu.”

Nimekuwa mtu wa mabegi tangu nimalize kidato cha nne. Nyumba ya dada ndiyo pekee niliyokuwa nikiikuta nilipoiacha.

Kondoo wake walikuwa wachache, wale weupe wenye vichwa vyeusi na makalio ya mafuta. Majirani waliwaona kama nyama inayongoja Krismasi. Yeye aliwakamua. Kila asubuhi mama mmoja wa Eastleigh alikuja na kibuyu cha plastiki kuchukua maziwa ya baba yake, mzee ambaye hakutaka maziwa mengine yoyote.

Jioni dada aliwatenga wanakondoo kwa wavu tu, si kwa ukuta, ili mama zao wawaone na kuwanusa. Alfajiri alikamua chuchu moja na kumwachia mwana ya pili. Alianza na jike mzee kila siku, kwa sababu wengine walimtazama yeye kabla ya kutulia. Hakukimbia bandani, hakupiga kelele. Na kabla ya kufungua mlango alikohoa kidogo, kama mtu anayebisha hodi. Walipoanza kujenga ghorofa plotini kwa jirani na vyuma vikagongwa kutwa, maziwa yalipungua. Hakuwapa dawa. Aliuhamisha mlango wa banda ukaangalia upande wa pili, akakaa nao bandani mchana, akichambua mboga. Baada ya muda maziwa yalirudi.

Kisha kile kikohozi cha hodi kikawa kikohozi kweli. Alilala chumbani, na kila alipokohoa tulisikia kondoo wakinyanyuka huko nyuma. Nikienda kutazama, nawakuta wamesimama mlangoni wakimngoja.

“Nenda wewe,” aliniambia. “Vaa leso yangu. Na usiongee ongee, una mdomo kama wa kondakta.”

Nikavaa. Jike mzee aliinusa leso, akaninusa mkono, akasimama. Maziwa yakaja, machache, lakini yakaja. Nilipomletea dada kikombe aone, alicheka mpaka kifua kikamkamata.

“Wakikushinda,” alisema alipopata pumzi, “watafutie mtu anayejua kukamua, si mchinjaji. Burma, hapana. Umenisikia? Burma, hapana.”

Nilimwambia hawatanishinda. Nilimwambia pia kwamba safari hii siendi popote.

Tulimzika nyumbani, Ukambani. Jirani yetu mzee wa kanisani alibaki akiwalisha kondoo, na niliporudi nilijifunga leso nikaendelea. Lakini kwetu nguo za marehemu hazikai. Akina mama wa jumuiya ya kanisa walikuja Jumamosi moja wakazitoa zote, wakafua, wakakunja, ili zigawiwe. Nilikuwa nimeenda kutafuta majani. Niliporudi, kamba ya uani ilikuwa imejaa nguo zake, na katikati yake palikuwa na leso nyekundu yenye maua meupe. Sikuitambua. Nilikuwa sijawahi kuyaona hayo maua.

“Hii ilikuwa imejificha kule nyuma, chafu ajabu,” alisema mama aliyewaongoza, huku akiinyoosha kambani kwa upole. “Nimeisugua mpaka mikono imeniuma. Hatungeacha dada yako aaibike, mwanangu.”

Vidole vyake vilikuwa vimechubuka kwa sabuni. Nikasema asante.

Kesho yake niliingia bandani na ile leso inayonukia maua. Jike mzee alirudi nyuma mpaka ukutani. Wote wakageuza migongo, masikio yamelala, wakihema kama waliofukuzwa na mbwa, mavi yao yamelainika. Niliisugua leso mgongoni mwa mmoja mmoja. Niliilaza kwenye majani wanayolalia. Viwele vilijaa, na mkono wangu ukigusa tu, maziwa yanazuiwa. Ikabidi niwaachie wanakondoo chuchu zote. Jike mzee, ambaye mwanawe alikuwa ameshaachishwa kunyonya, aliacha kucheua.

“Leo pia hakuna?” aliuliza mama wa Eastleigh.

“Hakuna.”

“Walahi, hawa wanalia matanga.” Aliwatazama kwa muda. “Shangazi yangu yuko Kajiado, anakamua. Kwake mama na mtoto wanachunga pamoja. Mpe yeye, kabla huyu jike mzee hajakufa.”

Nilikataa. Nikaona mbavu za jike mzee. Nikakubali.

Lori lilikuja mchana. Vijana wa lori wakaanza kuwavuta miguu, na kondoo wakajibana pembeni, mmoja juu ya mwingine.

“Waacheni,” nikasema.

“Buda, hawa hawapandi wenyewe!”

“Waacheni kwanza.”

Kulikuwa na jambo moja ambalo nilikuwa sijalijaribu. Sikutaka kulijaribu. Nilipanda ubao, nikasimama ndani ya lori, nikakohoa kidogo, vile anavyobisha mtu hodi.

Masikio ya jike mzee yakainuka. Alitoka pembeni, akapanda ubao polepole, na wengine wakamfuata bila kusukumwa. Hakunitazama. Alisimama kando yangu, ameelekeza kichwa mlangoni mwa nyumba, na akabaki hivyo hata niliposhuka wakafunga.