Kodi ya Keria Isiyokuwepo

Mama aliingia kwenye gari akitanguliza mkono. Alipapasa mlango, akapapasa kiti, akavuta mkanda akaunusa kama anavyonusa samaki kabla hajanunua. Halafu akaniuliza, "Baba, lina rangi gani?"

Tulikuwa Lituhi, mbele ya nyumba ya kaka yake, saa nne asubuhi, jua kali. Boneti ilikuwa mbele ya uso wake. Nikamwambia ni la rangi ya fedha.

"Fedha kama usipa?"

Nikasema ndiyo, kama usipa akitoka majini. Akaitikia kwa kichwa. Usipa ndio samaki wetu wadogo wa ziwani, mama amewaanika tangu usichana wake, kwa hiyo alijua ninasema nini. Mimi nikazunguka nyuma nikajifanya natazama tairi. Juu ya paa kulikuwa na matundu manne ya nati, yamezibwa kwa gundi. Kwa ajili ya matundu yale manne mama yangu haoni.

Nitaeleza polepole. Nimesoma mpaka darasa la nne, lakini hili nalijua kuliko waliosoma.

Zamani mimi, baba na mama tulipanda fuso la mizigo kushuka ziwani, juu ya magunia ya mahindi, kwa kuwa siku zile ndio usafiri wetu. Mteremkoni breki zikakataa. Baba tulimzika kijijini kwetu, Mapera. Mimi nilitoka na kovu la kichwa na usingizi mbaya. Mama alivunjika nyonga, na ile nyonga haikuunga sawa. Bodaboda hawezi kukaa, miguu haitanuki. Ngazi za basi hapandi, na hata ungembeba ukampandisha, angelia njia nzima, maana gari lolote kubwa kwake ni lilelile fuso. Akarudi kwao Lituhi, mimi nikabaki na kahawa ya baba. Nikajiapia kwamba siku moja nitamfuata kwa gari dogo, la kwangu, akae mbele kama mke wa mkuu wa wilaya.

Imenichukua miaka mingi. Kahawa ilipokuja kuwa na bei nzuri nikaenda Mbinga mjini kwa mwenye duka la simu, mtu mwenye asili ya pwani, sisi tunamwita Shehe. Yeye anajua kuagiza vitu mtandaoni. Tukachagua gari Japani, lililotumika, zima. Nikamwambia Shehe amwandikie muuzaji apunguze bei. Muuzaji akakataa.

"Basi aongeze kitu," nikasema.

Shehe akacheka mpaka akaweka simu chini. "Ndugu yangu, huyu hauzi usipa."

"Mwandikie."

Sisi huku ndivyo tulivyo. Mama wa samaki asipopunguza bei, atakutupia konzi moja juu ya fungu. Asipokutupia, unaondoka, na yeye anajua utaondoka. Hata mahindi sokoni Namswea, debe likijaa tunaongeza mpaka yamwagike. Nilinunua kwa Mjapani vilevile. Na yeye akakubali! Akasema ataweka keria juu ya paa, ngao ya chuma mbele, na taa mbili za ukungu. Nikatembea mtaani nikijisifu. Nilifikiri nimemshinda mtu wa Japani.

Kwenye ankara aliandika kila kimoja na bei yake, na chini kabisa akaandika amesamehe. Shehe aliisoma mara mbili. Akasema, "Si angeacha tu kuandika?" Nikamwambia acha wivu.

Meli ikiwa bado njiani, madaktari wa macho walipita Lituhi. Wakampima mama. Mmoja akanipigia kwa simu ya mjomba. "Hii si mtoto wa jicho. Ni presha ya jicho. Kinachopotea hakirudi. Mlete hospitali huko juu aanze dawa, msikae hata mwezi."

Nikasema gari langu linafika baada ya wiki mbili. Ndivyo nilivyosema. Sikuazima gari la mtu, sikukodi. Pesa yote ilikuwa baharini, hiyo ni kweli. Lakini hata jirani angenipa gari, sijui kama ningelichukua. Nilishamwahidi la kwangu.

Gari likafika Dar kwa wakati. Wakala wa forodha, ambaye Shehe alinitafutia, akapiga simu.

"Mzee wangu, ushuru na kodi ya usajili vimepanda. Kuna vitu vya ziada, vinahesabiwa juu ya thamani ya gari."

"Vile nilipewa bure."

"Serikali haijui bure, mzee. Inajua karatasi. Keria ipo, ngao ipo, taa zipo. Kila kimoja na kodi yake."

Nikauza ng'ombe. Naomba msomaji anielewe: kodi yenyewe siikatai. Kama nimeleta keria nchini, nilipe keria. Nilipanda basi kwenda Dar na pesa ndani ya soksi.

Kule yadi ya bandarini wakanionyesha gari langu. Lilikuwa zuri. Halikuwa na keria. Ngao hakuna, na pale mbele pa taa nyaya zilikuwa zinaning'inia, zimekatwa kwa kisu, shaba bado inang'aa. Nikamtazama wakala. Kijana msafi, viatu vimechongoka.

"Bosi, keria iko wapi?"

"Hayo mambo ya yadi, mzee. Lipa, uchukue gari, ukashukuru Mungu redio wameiacha."

Nikaenda dirishani kwa ofisa mthamini wa forodha. Nikamweleza kwa adabu. Akafungua faili, akageuza karatasi niione. Ilikuwa fomu ya ukaguzi, na chini kuna sahihi ya wakala wangu: vitu vyote vipo, nimeviona.

"Wakala wako ameviona," ofisa akasema. "Unataka nimwamini nani?"

"Njoo utazame, mkuu. Ni hapo nje tu."

"Mimi nafanya kazi na faili. Leta barua ya wakala kwamba alikosea, nitapanga ukaguzi upya."

Wakala akasema barua ataandika kesho. Kesho ikawa Jumatatu. Jumatatu simu yake haikupokelewa. Barua ile ingemfunga yeye na rafiki zake wa yadi, sasa angeandikaje? Mimi nililala kwa mtu wa nyumbani, huko Mbagala, wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, na ya nne. Gari nalo likawa linatozwa kwa kukaa tu pale.

Mama alinipigia. "Gari limefika?"

"Limefika Dar, mama."

"Dar ni mbali na jicho langu," akasema. Halafu akacheka kidogo, kwa kunihurumia. Akasema upande wa kulia anaona kama yuko ndani ya moshi wa jikoni.

Siku hiyo nikaenda nikalipa. Kodi ya keria, kodi ya ngao, kodi ya taa. Nikapewa namba za gari na kadi. Nikaendesha siku mbili peke yangu, kovu linagonga, nikashuka ule mteremko wa baba kwa gia ya kwanza, nikafika Lituhi. Mama akatoka nje akitanguliza mkono.

Hospitali walimpokea vizuri. Daktari alitazama kulia, akatazama kushoto, akaniuliza tulikuwa wapi. Sasa mama anatia dawa ili asiumwe, si ili aone.

Majina sitaji, lakini wenyewe wanajijua. Yupo aliyefungua zile nati. Yupo ofisa aliyeshindwa kuinuka kitini atembee hatua ishirini. Nipo mimi, na ahadi yangu ya gari la kwangu. Nimeshaungama kwa padri na kwa mama, na mama ndiye aliyekuwa mgumu kidogo. Wao wamemjibu nani?

Nakutaka wewe wakala, wewe hasa. Mimi keria sikudai tena. Uliandika kwa mkono wako kwamba umeiona. Basi panda basi, shuka Lituhi, nyumba iko juu kidogo ya pale mitumbwi inapoegeshwa, mtu yeyote atakuonyesha. Kaa mbele ya mama yangu, umwamkie kwanza, halafu umwambie uliona nini.